Daftari Lisilo na Kosa

Ilikuwa Jumatatu, saa kumi na robo alasiri, na manyunyu yalikuwa yakianguka tangu mchana bila dalili ya kukoma. Pindo aliingia katika duka la ushonaji la baba yake akiwa amelowa mabega. Alikung'uta viatu kizingitini, akamsalimu baba, akasogeza majora mawili ya kitambaa, kisha akaketi mahali pake pa kila siku: mwisho wa meza ya kukatia, karibu na dirisha.

Pindo lilikuwa jina la utani. Siku alipozaliwa, habari zilimkuta baba yake akishona pindo la sketi. Aliiacha sketi hiyo ikining'inia kwenye cherehani, akakimbilia hospitali. Mwenye sketi alisubiri siku nne. Tangu hapo binti akawa Pindo nyumbani, mtaani na hata shuleni. Sasa alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, yuko kidato cha kwanza. Mama yake alikuwa muuguzi, na zamu yake haikuisha kabla ya jua kutua. Kwa hiyo kazi za shule zilifanyiwa hapa dukani, katikati ya mlio wa cherehani na harufu ya pasi.

"Leo wamekupeni nini?" baba aliuliza, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua na futi ikiwa shingoni.

"Hisabati, Baba. Maswali matano ya mabano."

"Matano tu? Shule za siku hizi zinawadekeza."

Baada ya nusu saa Pindo alimaliza, akamsogezea baba daftari. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya duka. Hapakutoka suruali, shati wala gauni bila fundi mwenyewe kulikagua mbele na nyuma, na baba hakuona kwa nini daftari liwe na sheria nyingine. Alilisogeza kwenye mwanga na kulipitia mstari kwa mstari, kama anayetafuta uzi uliofumuka.

Alisimama kwenye swali la tatu. Palikuwa na mbili nje ya mabano. Ndani ya mabano palikuwa na herufi *x* kujumlisha nne. Upande wa pili palikuwa na kumi na nne. Pindo alikuwa amefungua mabano hayo na kupata mbili *x* kujumlisha nne.

"Hii nne mbona umeiacha hivi? Si nne hapa. Ni nane."

Kabla Pindo hajajibu, raba ilikuwa imekwisha kupita. Baba alipuliza vumbi la raba, akagonga karatasi kwa kidole. "Andika nane. Sasa jibu linakuwa tatu, si tano. Andika vizuri, usiibane."

Pindo aliandika nane. Hakuuliza nane hiyo ilitoka wapi, kwa kuwa baba alikuwa na suruali tatu za kumaliza, na jibu lililoonekana zuri lilimtosha. Kisha baba alichukua shajara ya kazi za nyumbani, kile kijitabu ambacho kila mwanafunzi wa shule hiyo alikibeba kila siku, akaweka saini mahali palipoandikwa: *Kazi hii imefanywa na mwanafunzi mwenyewe.* Aliiweka kwa moyo mweupe kabisa. Mwandiko ulikuwa wa nani kama si wa binti yake?

Hivyo ndivyo walivyofanya kwa wiki sita. Daftari la Pindo lilikuwa na alama za vema kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na chini ya kila kazi mwalimu aliandika kwa wino mwekundu: *Safi sana.* Pindo aliyapenda maneno hayo. Alikumbuka vema kwamba siku ya kwanza mwalimu aliwaambia wanafunzi wote: "Ukikwama, piga mstari, andika 'nimekwama hapa', funga daftari." Lakini hakuona mtu aliyesifiwa kwa kukwama, kwa hiyo hakumwambia baba lolote.

*

Jumanne, mwalimu wa hisabati alirudisha madaftari. Alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya taratibu, na alikuwa na utaratibu wake. Kila wiki alichagua mwanafunzi mmoja aliyefanya vizuri, akampa wenzake watano waliokwama, ili wasaidiane darasani wakati wa mapumziko ya Jumatano. Kikundi hicho kiliitwa meza ya msaada.

"Wiki hii meza ya msaada itaongozwa na Pindo," alisema. "Mabano yamewatoa jasho wengi, na yeye hajakosa hata swali moja. Ijumaa tuna jaribio. Ninamshukuru mapema."

Darasa lilipiga makofi. Pindo alitabasamu.

Siku ya pili wenzake watano walisogeza viti na kumzunguka. Karibu naye zaidi alikaa jirani yake wa dawati, msichana aliyeitwa Kasuku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

"Haya, Profesa," Kasuku alisema. "Tuanze kabla njaa haijanimaliza. Hapa kwenye swali la tatu, ulipataje nane? Mimi nimepata nne, na mwalimu kanichora mkasi mwekundu wa kosa."

Wote walilitazama daftari la Pindo. Pindo naye alilitazama. Nane ilikuwa pale, imeandikwa kwa mwandiko wake mzuri, na hakuwa na habari nayo zaidi ya wao. Angeweza kusema, "Sijui." Neno lenyewe ni fupi. Lakini nyuso tano zilikuwa zikimsubiri, na masikio yake bado yalikuwa na yale makofi.

"Hiyo nane ni ya swali hilo tu," alisema. "Kwa kawaida namba ya nje inazidisha ile herufi peke yake. Namba ya pili unaiacha kama ilivyo."

"Kumbe ni rahisi hivyo," alisema mvulana mmoja, akaandika haraka.

"Umetuokoa," Kasuku alisema. "Nikifaulu Ijumaa, nitakubebea mkoba wiki nzima. Sawa, siku mbili."

Jioni ile Pindo aliketi tena kwenye meza ya kukatia. Swali la kwanza la siku hiyo lilikuwa na tatu nje ya mabano, na ndani *x* kujumlisha sita, vyote sawa na thelathini. Aliandika tatu *x* kujumlisha sita. Jibu lake likawa nane. Baba alikagua, akaguna.

"Umerudia lile lile la juzi. Hapa ni kumi na nane, siyo sita. Jibu ni nne." Raba ikapita.

Pindo alishika penseli lakini hakuandika. Alikuwa ametambua jambo moja. Wakati ule ule, katika nyumba tano, watoto watano walikuwa wakiandika sita, kwa sababu yeye aliwaambia waandike sita.

"Vipi, mwanangu? Penseli imevunjika?"

"Hapana, Baba." Akaandika kumi na nane.

Alhamisi asubuhi alikuwa na nafasi ya kuwaonya kabla madaftari hayajakusanywa. Alimwona Kasuku langoni, akamwona yule mvulana kwenye bomba la maji. Aliwasalimu wote. Hakusema kitu. Madaftari yakakusanywa, yakapelekwa ofisini.

*

Kipindi cha mwisho kilipokwisha, mwalimu aliwabakiza Pindo na wale watano. Alikuwa ameyapanga madaftari yao juu ya meza yake, yote yamefunguliwa ukurasa mmoja.

"Nisaidieni," alisema. "Hapa nina madaftari matano yenye kosa lile lile, mahali pale pale. Watu watano hawatelezi pamoja hivi bila kuonyeshwa njia. Lakini aliyewaonyesha, yeye mwenyewe amepata. Ndiyo maana nimechanganyikiwa."

Kasuku ndiye aliyejibu kwanza.

"Mwalimu, mimi sijachanganyikiwa. Ametufundisha uongo makusudi, akabaki na ukweli nyumbani kwake. Anataka kesho awe wa kwanza peke yake."

"Siyo hivyo," Pindo alisema.

"Basi ni vipi? Sema. Ulituambia namba ya pili tuiache kama ilivyo, mimi nilikuwa nimekaa hapa na masikio yangu yote mawili."

"Labda tulisikia vibaya," yule mvulana alisema kwa upole.

Huo ulikuwa mlango wa kutokea, na ulikuwa wazi. Kama Pindo angekaa kimya tu, wenzake watano wangeonekana hawakusikiliza, naye angebaki na daftari lake safi. Alimtazama mvulana yule, ambaye alikuwa tayari kujilaumu bure, akaona haya kuliko alivyowahi kuona tangu azaliwe.

"Hamkusikia vibaya," alisema. Alipiga moyo konde, akaendelea. "Niliwaambia hivyo kwa sababu ndivyo ninavyojua mimi. Mabano siyajui. Kila siku nakosa, baba anafuta, ananiambia cha kuandika, nami naandika. Alama zote hizi za vema ni zake. Jana nilipoulizwa kuhusu ile nane niliona aibu kusema sijui, nikabuni jibu. Nisameheni."

Kasuku alilivuta daftari la Pindo, akazitazama zile alama za raba moja baada ya nyingine.

Mwalimu alivua miwani yake, akaifuta kwa upindo wa kitenge, akaivaa tena. "Asante," alisema. "Nimekuwa nikilisoma daftari hili wiki sita na leo ndiyo mara ya kwanza limenieleza kitu. Nendeni nyumbani. Jaribio la kesho nitaliahirisha hadi Jumatatu. Pindo, utampelekea baba barua."

Barua yenyewe ilikuwa na mistari mitatu: *Ninaomba uje kesho saa mbili asubuhi tuzungumze juu ya kazi za nyumbani. Hakuna anayefukuzwa, hakuna anayeadhibiwa. Nitafurahi kukuona.* Baba aliisoma mara tatu pasi ikiwa mkononi, na kama Pindo asingemkumbusha, angechoma suruali ya mtu.

"Nimekosa nini mimi?" aliuliza hatimaye. "Nilikuwa nakusaidia."

"Najua, Baba. Hata mwalimu nitamwambia hivyo." Pindo akamsimulia yote, kuanzia makofi hadi nyuso tano. Baba alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, baba alichomoa waya wa pasi ukutani, jambo ambalo hakulifanya kamwe kabla ya saa ya kufunga duka.

*

Ijumaa, saa mbili kamili, baba alikuwa ofisini kwa walimu amevaa koti lake zuri. Pindo alisimama pembeni.

"Karibu, Fundi. Kaa."

"Asante, Mwalimu. Lakini nianze mimi, maana nimekesha na neno hili. Mimi ni fundi. Dukani kwangu kazi yenye kasoro haitoki. Mteja akiiona kasoro, nimekwisha. Sasa nikiona kasoro kwenye daftari la mwanangu, niiache ije mpaka huku?"

"Ndiyo," mwalimu alijibu. "Uiache ije mpaka huku. Mimi ndiye ninayeitafuta."

Baba alimtazama kama aliyeambiwa ashone shati bila uzi.

Mwalimu alifungua shajara ya Pindo, akaeleza hatua kwa hatua. Kazi ya nyumbani, alisema, haikuwekwa ili mwanafunzi apate alama. Alama zake haziingii hata kwenye ripoti ya muhula. Imewekwa ili mwanafunzi ajaribu peke yake alichofundishwa mchana, kwa nusu saa kwa kila somo, si zaidi. Anapokwama anapiga mstari na kusema amekwama. Jioni mzazi anahakikisha kuna mahali pa kukaa, mwanga na muda, kisha anaweka saini kwamba kazi imefanywa, iwe sahihi au siyo. Asubuhi mwalimu anasoma madaftari kabla ya kuandaa somo. Wakikosa wachache, anawaita. Wakikosa wengi, anafundisha upya.

"Wiki sita hizi," alisema, "nilipanga masomo nikiamini kwamba Pindo ameelewa. Sikumwita hata mara moja. Si kwa sababu simpendi. Daftari lilinizuia kumwona."

Baba alisugua kidole gumba kwa kidole cha shahada. Kisha uso wake ukabadilika taratibu.

"Mwalimu, mteja anapotaka suti, simshonei moja kwa moja. Kwanza naipiga bandi, zile nyuzi ndefu za muda, halafu anakuja kuijaribu. Pale ndipo naona bega limepanda au mgongo umebana. Akija kuijaribu huku amevuta pumzi na kujibana tumbo, ananidanganya, na suti itamkataa siku ya shughuli."

"Endelea, Fundi."

"Basi kumbe hii kazi ya nyumbani ni kule kujaribu. Na mimi nimekuwa nikimbana mtoto tumbo."

Mwalimu alicheka. "Miaka kumi na minane ninawaeleza wazazi jambo hili, na sijawahi kulieleza vizuri hivyo. Lakini niambie, ile barua tuliyowapelekea wazazi mwanzoni mwa muhula haikufika? Ilikuwa karatasi kubwa, ngumu, ya rangi ya maziwa."

Baba alijikuna shingo. Alimtazama Pindo; Pindo alitazama dari.

"Karatasi ngumu ya rangi ya maziwa ilifika," baba alisema polepole. "Nilikusudia kuisoma jioni. Mchana akaja mteja ana haraka, nikahitaji karatasi ngumu ya kukatia kola. Mwalimu, sikufichi. Mpaka leo nimekwisha kukata kola kumi na moja kwa barua yako, na zimekaa vizuri sana."

Mwalimu alicheka hadi akashika meza, na walimu wawili waliokuwa mwisho wa chumba wakainua vichwa kutoka kwenye karatasi zao.

"Sasa, nisimsaidie kabisa?" baba aliuliza, kicheko kilipotulia. "Nikae tu nimwangalie anazama?"

"Msaidie kwa maswali. Mkono na raba viwe vyake. Hebu mwulize jambo moja hapa hapa, kwa namna ya dukani kwako."

Baba aligeuka kwenye kiti, akamtazama Pindo. "Mama, nisikilize. Nina mashati matatu. Kila shati linataka kitambaa fulani, sijakwambia kiasi gani, na vifungo sita. Niende sokoni kununua vifungo vingapi?"

"Kumi na nane, Baba."

"Kwa nini si sita?"

"Sita ni vya shati moja. Hayo mawili yatabaki wazi." Ghafla Pindo aliiona tatu nje ya mabano, aliiona *x* iliyokuwa kitambaa, na aliiona sita ndani. "Kumbe kila shati linapata vyote viwili. Ile tatu inazidisha *x*, na inazidisha sita pia."

"Nani amekwambia?" mwalimu aliuliza.

"Hakuna aliyeniambia," Pindo alisema, akashangaa mwenyewe kusikia kwamba ni kweli.

Baba alisimama, akampa mwalimu mkono kwa mikono yote miwili. "Mwalimu, ninakushukuru. Wengine wangenipigia kelele."

"Mshukuru binti yako. Jana aliachiwa mlango wazi wa kutokea, akakataa kupita."

Asubuhi hiyo hiyo mwalimu alifundisha mabano upya kwa darasa zima, akitumia mashati na vifungo. Kabla hajaanza, Pindo aliomba ruhusa, akasimama na kuwaambia wenzake watano mbele ya wote kwamba kosa lao lilikuwa lake.

"Tumekusikia," Kasuku alimnong'oneza alipoketi. "Na mkoba sibebi tena. Wa kwako utabeba mwenyewe, na wangu pia. Siku mbili."

"Sawa," Pindo alisema, na moyo wake ukawa mwepesi kama pamba.

*

Jaribio lilifanyika Jumatatu, na matokeo yakatoka Jumanne. Pindo alipata kumi na tatu kati ya ishirini. Hakuwa wa kwanza. Alikuwa wa kumi na moja. Chini ya karatasi mwalimu hakuandika *safi sana*. Aliandika: *Sasa ninakuona.*

Jioni ile mama aliwahi kurudi, na wote watatu walikaa dukani wakiitazama karatasi hiyo juu ya meza ya kukatia. Mama aliisoma hadi mwisho, akamshika Pindo bega.

"Wagonjwa wengi wananijia wakiwa wamejipaka poda mahali wanapoumwa," mama alisema. "Nikiuliza, wanasema hawajambo. Siwezi kumtibu mtu aliyeficha kidonda. Shuleni ni vivyo hivyo, mwanangu. Mwenye kukufundisha anahitaji kuona unapokosea, na wewe unahitaji ujasiri wa kumwonyesha. Kumi na tatu hizi umezipata kwa jasho lako mwenyewe. Ndizo ninazozishukuru."

"Na mimi," baba alisema. "Saba zilizobaki nazishukuru pia. Angalau sasa tunajua ziko wapi."

Baada ya hapo kila mmoja alirudi kwenye shughuli zake. Mwalimu alipiga chapa barua nyingine kwa wazazi, safari hii kwenye karatasi nyembamba. Kasuku alipata kumi na nne, akautangaza ushindi huo barabara nzima. Mama aliomba abadilishiwe zamu za Alhamisi ili jioni moja kwa wiki akae na binti yake. Baba alimwandikia mwalimu mistari miwili ya shukrani, kisha akamaliza koti la mteja. Pindo alifanya masahihisho ya maswali matatu aliyokosa. Mawili aliyaweza. La tatu alilipeleka kwa mwalimu Jumatano asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza.